Baba Aliyeuliza Saa

Somo: Yohana 4:46–54



Katika Injili ya Yohana yuko baba mmoja ambaye hatukuandikiwa jina lake. Tunaambiwa tu kwamba alikuwa mtu wa kazi ya mfalme, na kwamba nyumbani kwake Kapernaumu mwanawe alikuwa na homa kali, karibu kufa. Akapata habari kuwa Yesu yuko Kana. Kapernaumu iko ufukweni mwa ziwa na Kana iko juu vilimani, na kati ya miji hiyo ni zaidi ya kilomita 20. Msomaji wa Lyulilo hahitaji ramani kuelewa: ni kama mtu atoke hapo penye mitumbwi aanze kupanda kwenda Ukinga kwa miguu. Baba huyu alikuwa na watumishi wa kuwatuma. Hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe.

Mnakumbuka yaliyofuata. Alimsihi Bwana ateremke naye, Bwana hakuteremka, akamwambia arudi nyumbani, mtoto anaishi. Akaamini, akashika njia. Watumishi wake wakamlaki njiani na habari njema. Hapo wengi wetu tungepiga vigelegele na kusahau mengine yote. Yeye akauliza saa. Homa ilimtoka mtoto saa ngapi? Wakamjibu kuwa ni jana, saa saba. (Hapa Kiswahili chetu kina bahati yake: sisi nasi twahesabu saa tangu jua kuchomoza kama watu wa kale wa nchi ile, basi saa saba yao ni saa saba yetu ya mchana. Mzungu hana budi kufanya hesabu kwanza.) Akalinganisha, akaona ndiyo saa ile ile aliyosema naye Bwana, akaamini yeye na nyumba yake yote. Kuuliza kwake hakukuipunguza imani yake hata kidogo.

Tunayaandika haya kwa sababu sisi tulikuwa na saa mkononi na hatukuitazama.

Mwaka 1987 tulikuwa tunaishi Lyulilo, mume na mke, wote walimu, vyeti vya chuo cha ualimu bado vinanukia wino. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi kumi na mmoja. Ilikuwa mwezi wa Aprili, na mvua za Kyela za mwezi huo mnazijua. Jioni mtoto alinyonya vizuri akalala. Yapata saa nne za usiku tukamgusa, tukaona anawaka kama chungu kilichotoka motoni sasa hivi. Kabla hatujasemezana macho yakageuka juu, meno yake mawili yakaumana na ulimi, mikono na miguu ikaanza kutupatupa, midomo ikawa myeusi. Mmoja wetu alipiga yowe. Mwingine alisimama tu.

Majirani walikuja mbio, Mungu awabariki, maana kwetu yowe halisikiwi mara mbili. Na neno likasemwa mara moja: degedege. Wasomaji wengi wanajua kwamba tangu pwani mpaka bara wako watu wanaosema kuwa ugonjwa huu huletwa na dege, ndege au mdudu wa usiku apitaye juu ya nyumba kivuli chake kikamwangukia mtoto. Na lipo jingine lisemwalo pamoja na hilo, ambalo limezika watoto wengi kuliko dege: kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Mzee mmoja wa kike alituambia kwa huruma kabisa, “Mwalimu, usimpeleke usiku huu. Wakimchoma sindano ndiyo basi. Mfukizeni kwanza, atulie.”

Wiki ile ile tulikuwa tumewachorea wanafunzi wetu mbu wa anofelesi ubaoni, mkia juu kichwa chini, na mishale ikionyesha jinsi anavyochukua malaria kwa mtu huyu na kumpa yule. Tulijua. Kutoka Lyulilo hadi kwenye matibabu Matema, ukifuata ufuko, hata mwendo wa saa moja haufiki. Baba wa Kapernaumu alipanda vilima kwa zaidi ya kilomita 20. Sisi tulimfukiza mtoto. Tulimlazimisha kijiko mdomoni hata ufizi ukatoka damu. Tulimmwagia maji ya baridi. Kisha tukapiga magoti tukaomba mpaka jogoo wa kwanza, na yeye akashikwa tena mara mbili.

Je, maombi yale yalikuwa mabaya? Hatusemi hivyo. Lakini leo, tukiwa wazee, twaweza kusema wazi kwamba usiku ule tulitumia maombi kama mtu atumiavyo blanketi, kujifunika. Tuliogopa njia ya giza, tuliogopa sindano, tuliogopa kuwavunjia heshima wakubwa waliokaa nyumbani mwetu, na hofu zote hizo tukaziita kumngoja Bwana. Yule baba aliamini huku anatembea. Nasi tungaliweza kuomba njiani. Bwana husikia hata maombi ya mtu anayehema.

Na sisi Waanglikana wa ziwa hili hasa hatuna udhuru. Wazee wetu wa misheni waliotangulia hawakutenganisha chupa ya dawa na Kitabu. Meli yao *Chauncy Maples*, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilikusudiwa kuwa kanisa, shule na matibabu ndani ya chombo kimoja.

Kulipopambazuka tukaenda. Muuguzi alimlaza mtoto ubavu, akamvua manguo yote tuliyomzongomeza, kisha akatuuliza maswali mawili: imeanza saa ngapi, na kila mara ilichukua dakika ngapi? Walimu wawili, saa moja ya mkononi, na hatukuwa na jibu. Hakutukaripia. Tone la damu lilitazamwa kwa darubini, malaria ikaonekana, akatundikiwa dripu ya kwinini. Siku ya nne alicheka. Sindano alichomwa, na zaidi ya moja.

Kwa nini basi watu wenye akili waliamini kwamba sindano inaua? Tumelifikiri sana, maana hatupendi kuwacheka wazee wetu. Sababu ni kuchelewa. Mtoto hufukizwa siku ya kwanza, hupakwa dawa siku ya pili, siku ya tatu anapoishiwa nguvu ndipo anapelekwa hospitali, anachomwa sindano, anakufa. Jirani anayetazama huona sindano na kifo vimefuatana. Zile siku mbili nyuma yake hazihesabu. Hajauliza saa.

Waganga wa leo wanatufundisha hivi. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kushikwa na degedege kwa homa yoyote inayopanda ghafla. Mara nyingi hukoma yenyewe baada ya dakika chache, wala si kifafa, wala haiachi kilema. Hilo ni la kumtuliza mzazi. Lakini huku kwetu homa hiyo yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au uti wa mgongo, na hakuna mama wala baba anayeweza kuzitofautisha kwa macho. Hata mganga hawezi bila kipimo. Kwa hiyo mlaze mtoto ubavu, mahali asipoweza kuanguka, mlegeze nguo. Usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, usimtumbukize kwenye maji ya baridi. Tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatupa viungo, kila dakika ni ya hatari. Na hata ikikoma baada ya moja, mpeleke apimwe, usiku huo huo. Siku hizi kipimo cha malaria hutoa jibu upesi, iko dawa ya mseto, na kwa malaria kali iko sindano ya artesunate. Wenzetu wa ng'ambo ya Songwe, nchini Malawi, walianza kuwachanja watoto wao chanjo ya malaria mwaka 2019. Mambo haya hayakuwapo mwaka 1987. Njia ya kwenda Matema ilikuwapo.

Tungependa kuishia hapa, lakini habari haiishii hapa.

Wiki tatu baada ya sisi kurudi, mtoto wa jirani yetu alishikwa vile vile, usiku. Mama yake alikuja mlangoni kwetu, khanga moja begani, akauliza, “Mwalimu, ninyi wa kwenu mlimfanyaje?” Tulikuwa na jibu lote, kwa gharama tuliyokwisha kulipa. Lakini kulisema lote kulitaka tukiri kwamba sisi, walimu, washarika wa meza ya Bwana, tulimfukiza mtoto moshi kwanza tukachezea usiku mzima. Yaliyofanyika ndani ya nyumba ile tulikuwa tumewaomba majirani wasiyatangaze. Basi tukamjibu, “Mungu alisaidia, mama, akapona.” Ni maneno ya kweli kabisa, nasi tukajificha nyuma yake. Alishukuru, akarudi kwake. Hatukumfuata.

Mtoto yule alizikwa kesho yake alasiri. Sisi tuliongoza wanafunzi kuimba.

Kama angalipelekwa usiku ule angalipona au asingalipona, hilo liko mikononi mwa Mungu. Kunyamaza kwetu kuko mikononi mwetu. Tumepokea Ushirika Mtakatifu miaka yote hii, tumeungama pamoja na kanisa kwa maneno ya jumla ambayo hayamtaji mtu, na mlango ule hatujaurudia.

Mama huyo yu hai, mzee sasa. Mwaka jana tulikutana naye Lyulilo siku ya soko la vyungu. Alitushika mikono, akasema “Ndaga, ndaga,” akaulizia habari za yule wetu aliyepona, akafurahi kusikia kwamba naye ana watoto. Hatukumwambia neno. Macho yake hayasomi tena, lakini mjukuu wake mmoja humsomea jarida hili kila likifika. Tumempelekea kijana huyo ujumbe auache ukurasa huu mpaka tufike. Tunakwenda mwezi huu, wote wawili, tukamwambie wenyewe kwanza. Mtuombee.