Kumpasua Asiye Mgonjwa

Tamthilia ya televisheni iitwayo M*A*S*H, iliyoonyeshwa Marekani tangu 1972 hadi 1983, ilisimulia habari za hospitali ya jeshi katika vita vya Korea. Vita vyenyewe vilidumu miaka mitatu, 1950 hadi 1953. Tamthilia ilidumu misimu 11. Wapasuaji wake wakuu, Hawkeye na B.J., hawamwii mgeni mtazamaji yeyote. Sisi twataka kumzungumzia mpita njia tu, Kanali Lacy, aliyetokea katika sehemu moja ya mwaka 1979.

Lacy hana pembe kichwani. Ni mtu mwenye adabu, afikaye hospitalini kuwajulia hali askari wake waliojeruhiwa. Lakini majeruhi hao ni wengi kupita kiasi, kwa kuwa bwana huyu hupenda kutwaa vilima bila kujali damu itakayomwagika. Sasa anakusudia kushambulia kilima kingine. Hawkeye anamtilia dawa katika kinywaji ashikwe na msokoto wa tumbo, kisha anamwambia kwamba kidole tumbo chake hakina budi kutolewa. Akipasuliwa atalala kitandani, na shambulio hataliongoza. B.J. anakataa katakata kushiriki. Alan Alda na Mike Farrell, walioigiza nafasi hizo, walibishana wao wenyewe walipokuwa wakifanya mazoezi, na ubishi wao ukatiwa katika mchezo. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, maneno yao yana uzito usio wa kuigiza.

Hesabu ya Hawkeye yaeleweka upesi: upande mmoja kijipande cha utumbo ambacho mtu aweza kuishi bila ya kuwa nacho, upande wa pili roho za vijana. Nani angesita? Wahenga nao walisema dawa ya moto ni moto. Mwalimu atakayeuleta mjadala huu darasani ataona wanafunzi wengi wakisimama na Hawkeye, wala si kwa ujinga. Amewashona vijana wale kwa mikono yake, usiku na mchana, na anajua kesho ataletewa wengine.

Hata hivyo sisi twasimama na B.J. Kanali alipokubali kulala juu ya meza ile, hakuwa tena kamanda mbele ya daktari. Alikuwa mgonjwa aliyemwamini. Mgonjwa hana njia ya kuyahakiki ayaambiwayo juu ya tumbo lake mwenyewe. Ikiwa daktari ana ruhusa ya kumpasua mtu kwa ajili ya makosa atakayoyatenda kesho, basi kila alalaye mezani hana budi kujiuliza amekwisha kuhukumiwa vipi. Na ni nani aliyempa tabibu kiti cha hakimu? Leo ni kanali mpenda vita. Kesho aweza kuwa mtu aliyewaudhi wakubwa, na daktari mwingine, mwenye huruma kidogo kuliko Hawkeye, akaambiwa kwamba ni kwa manufaa ya wengi.

Lipo jambo jingine ambalo watazamaji wengi hulisahau. Mwaka 1975, katika tamthilia iyo hiyo, Hawkeye na Trapper, mwenziwe wa wakati ule, walimtoa kidole tumbo Kanali Flagg wa upelelezi, ili asiitwae penisilini ya hospitali. Hila ilikuwa ileile na kisu kilekile, lakini mkasa ule ulitungwa uchekeshe. Flagg alikuwa mtu wa dhihaka, na mtu wa dhihaka hakosi kuonekana kwamba amestahili. Mara ya pili kulikuwa na mtu chumbani wa kusema hapana, na hapo kicheko kikakatika.

Mchezo unapokwisha, Lacy yumo kitandani na mshono wake mbichi. Nje majeruhi wapya wanawasili, na Hawkeye anaitwa tena mezani.