PETE INAYOINGIA KILA KIDOLE NI YA NANI?

Jambo tunalotaka kuliwaza pamoja nawe leo ni dogo kwa macho. Ni pete. Lakini limetusumbua kwa majuma mengi, tena limewagawa watu wa mafundisho yetu ya ndoa katika makundi mawili, wala mpaka leo halijakwisha.

Lilianza Jumamosi moja katika Misa ya arusi. Bwana arusi alikuwa kijana maskini, mchoma makaa. Pete aliiagiza mjini kwa mkono wa mjomba wake, naye mjomba alikadiria kidole cha bibi arusi kwa kutazama kidole cha binti yake mwenyewe. Saa ya kuvishana ilipofika, pete ilipita ncha ya kidole, ikafika penye kifundo cha katikati, ikakataa. Kijana akasukuma. Bibi arusi akauma midomo. Nyuma kanisani mama mmoja akanong'ona kwamba hiyo ni ishara mbaya, na mnong'ono ule ukatembea benchi kwa benchi mpaka mbele. Padri, mtu mwenye akili, akamwambia kijana amvishe katika kidole cha mwisho, akaendelea na Misa. Ndoa ilikuwa halali kabisa. Lakini tuliyaona machozi ya yule dada, nayo hayakuwa ya furaha.

Huko nje mjomba akajitetea. "Kama ningalijua, ningalinunua zile zinazofunguka. Zinafaa kila mtu."

Pete hizo twazijua sokoni. Ni ukanda mwembamba wa bati uliopakwa rangi ya dhahabu, umekunjwa mviringo bila kuungwa. Ukivuta unapanuka, ukibana unapungua. Basi mzee mmoja wa halmashauri ya parokia akatoa neno lililoanzisha ubishi wote: "Pete inayoingia kidole cha kila mtu si ya mtu yeyote. Mimi siwezi kumpa mke wangu kitu ambacho kingemfaa jirani vilevile."

Vijana walicheka. Sisi hatukucheka, maana neno lile ni zito. Ahadi ya ndoa haipanuliwi wala haipunguzwi. Mtu hasemi, "Nitakupenda kwa kadiri utakavyonienea." Je, yafaa alama ya ahadi ya namna hiyo iwe kitu kinachopanuka na kupungua?

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba kuna alama za asili, kama moshi unavyoonyesha moto bila mtu kukusudia, na kuna alama ambazo watu wamezitoa kwa kusudi la kuelezana mambo. Pete ni ya namna hii ya pili. Haiwi alama ya uaminifu kwa nguvu yake yenyewe; watu wameifanya hivyo. Na kitu ambacho watu wamekichagua chaweza kuchaguliwa vizuri au vibaya. Kwa hiyo mzee alikuwa na haki ya kuuliza.

Tena akiingia katika vitabu vya kale atapata wenzake. Plinius, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, ameandika kwamba hata wakati wake mchumba alipelekewa pete ya chuma, tena isiyo na jiwe. Chuma! Kitu kisichokubali kupindwa na mkono wa mtu. Mzee wetu angalifurahi sana.

Lakini twende polepole. Kabla ya kuuliza pete inasema nini, tukitazame kwanza kidole.

Kidole hakina kipimo kimoja. Asubuhi ya baridi kimesinyaa. Mchana wa joto, au baada ya kazi ya kutwanga, kimejaa. Mama mwenye mimba huvimba vidole, hasa miezi ya mwisho. Miaka ikipita mtu hunenepa au hukonda. Na uzeeni, kama ana ugonjwa wa viungo, kifundo chaweza kuwa kinene huku shina la kidole limekonda, hata pete ipitayo kifundoni kwa taabu ikifika shinani inazunguka ovyo. Hilo ndilo fumbo la kila mfua pete, hata kwa kijana mwenye afya: pete lazima ipite mahali panene ili ikae mahali pembamba.

Hata maaskofu walilijua jambo hili. Zamani askofu aliposoma Misa kubwa alivaa glovu, na pete juu ya glovu. Basi pete hiyo ilifanywa kubwa, na mara nyingi ilihitaji pete ya pili, ndogo, ya kuizuia isianguke. Hakuna aliyesema kwamba kwa sababu hiyo askofu hakuwa wa jimbo lake.

Sista wa zahanati yetu ametuonyesha namna ya kuivua pete iliyokwama, nasi twaiandika hapa kwa kuwa yaweza kumsaidia msomaji. Mtu ainue mkono juu kwa dakika chache, apake sabuni. Ikishindikana, chukua uzi laini, pitisha ncha yake chini ya pete kuelekea kiganjani, na sehemu iliyobaki uizungushe kidoleni kwa kubana, mzunguko kwa mzunguko bila kuacha nafasi, kutoka penye pete mpaka kupita kifundo. Kisha shika ile ncha fupi uifungue polepole kuelekea ukucha. Pete itasogea ikiufuata uzi. Isipotoka, na kidole kimekuwa cha bluu au hakina hisia, usingoje: nenda zahanati, watakata pete kwa msumeno mdogo. Sista amekwisha kata pete za mama kadhaa. Wengine walilia kuliko walivyolia kwa uchungu wa kidole.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba neno la mzee lina upungufu. Pete ngumu ilipima kidole cha siku moja, siku ya arusi. Mwenye kidole ameendelea kuishi, amezaa, ameugua, amezeeka, na pete haikujua. Mke ni yuleyule, mume ni yuleyule, ahadi ni ileile, na chuma kinamkata nyama. Hatuwezi kuuita ugumu huo uaminifu.

Basi tulikwenda kwa fundi mmoja wa mtaa wetu, afuaye mbabula na kutengeneza baiskeli, tukamwomba ajaribu pete ya shaba yenye kurekebishwa. Shaba ndiyo mali ya nchi hii tangu zamani: 1957, wataalamu walipoanza kuchimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, walikuta bangili, mikufu na misalaba midogo ya shaba ambayo wazee walizikwa nayo. (Misalaba hiyo si ya Kikristu, ingawa wengine hupenda kusema hivyo; mingi ilitumika kama fedha.) Kabla ya kazi tulimwuliza fundi jambo moja: waya hii imetoka wapi? Maana kila mtu huku ajua habari za nyaya za umeme zinazokatwa usiku. Fundi hakukasirika. Alituonyesha mota iliyoungua aliyoinunua kwa mwenyewe mchana, mbele ya watu. Tuliona yafaa kuuliza. Pete ya uaminifu iliyofuliwa kwa mali ya wizi, hata ikikaa kidoleni sawasawa, imekwisha kusema uongo.

Pete ya kwanza ilikuwa duara lililo wazi, kama zile za sokoni. Watoto wa fundi waliichezea siku chache, wakaivuta na kuibana, ikakatika vipande viwili. Fundi akatueleza: shaba kila inapopindwa hukakamaa, na ikiisha kukakamaa huvunjika. Dawa yake ni moto. Uitie katika makaa mpaka iwe nyekundu kidogo, uizamishe majini, italegea tena. Tulishangaa, kwa kuwa chuma cha pua ukikizamisha majini kingali chekundu huwa kigumu zaidi. Shaba haifuati desturi hiyo.

Ya pili aliizungusha mara tatu kama nyoka. Iliingia vidole vyote vya nyumba, hata kidole gumba cha fundi. Lakini ilinasa nywele, ikafinya ngozi, na mke wa fundi aliposonga bukari na kunawa, unga ulibaki katikati ya mizunguko. Akaivua, akaiweka dirishani, hakuivaa tena.

Ya tatu ndiyo iliyobaki. Ncha mbili hazikutani. Zinapitana ubavu kwa ubavu, urefu wa milimita 10 hivi. Fundi amezibapiza kwa nyundo na kuzilainisha kwa tupa zisikwaruze. Namba ya pete katika nchi nyingi za Ulaya ni mzunguko wake wa ndani kwa milimita. Basi pete hii iliyopimwa 52 yaweza kusogezwa taratibu mpaka 62 kabla mwanya haujaonekana. Milimita 10 za mzunguko ni kama milimita 3 tu za upana. Si nyingi. Zatosha mimba, zatosha joto, zatosha miaka mingi ya mwili wa mtu mmoja. Mwishoni aligonga pete yote kwa nyundo ndogo ili ikakamae kiasi, isifunguke yenyewe. Lazima tuseme na kasoro yake: shaba ikipata jasho huacha rangi ya kijani kidoleni, nayo huondoka kwa sabuni.

Tulimwuliza kwa nini asiziache ncha zipitane zaidi, ili pete moja iwafae bibi arusi wote, wembamba na wanene, auze nyingi bila kusumbuka. Akajibu kwamba ncha ndefu hunasa vitu na kupindika. Kisha akachukua ukanda wa karatasi. "Mimi sifui mpaka nimezungusha karatasi hii kifundoni na shinani kwa mwenye kidole, jioni, si asubuhi."

Tunadhani hapa ndipo penye tofauti tuliyokuwa tunaitafuta. Kuna pete inayopanuka kwa sababu mfuaji amemjua mtu, akajua kwamba mtu huyo atabadilika. Na kuna pete inayopanuka kwa sababu mwuzaji hakutaka kumjua mtu yeyote. Kwa macho zafanana. Mzee alisema kweli juu ya ile ya pili. Kosa lake ni kuihukumu ya kwanza pamoja nayo. Na mjomba, tuseme wazi, hakukosa kwa kununua pete ngumu. Alikosa kwa kupima kidole cha mtu mwingine, hali uzi wa kupimia haununuliwi.

Labda mtu atatuuliza: na maskini wasio na pete yoyote? Tumeona katika sakristia pete mbili za kuazimwa, zinazofunguka, ambazo zimekwisha kuvishwa arusi nyingi na kurudishwa kabatini baada ya Misa. Je, huo si mchezo wa uongo? Sisi twajibu hapana, mradi wanaoana wajue na wasione haya. Mwaka 866 Wabulgaria, wakiwa Wakristu wapya, walimwuliza Papa Nikolao wa Kwanza juu ya desturi za arusi. Papa aliwaeleza habari za pete, alama ya uaminifu, na taji na mengine; kisha akasema si dhambi mambo hayo yakikosekana, maana wengine wanazuiwa na ufukara; mapatano ya wenyewe yanatosha. Basi pete ya sakristia yaweza kuingia kila kidole bila kumdanganya mtu. Hiyo kweli si ya mtu yeyote, kama vile mzee alivyosema, nayo haijifanyi kuwa ya mtu. Hata hivyo tumewaona vijana wakiivua haraka mno, wakitazama chini. Hatuwezi kuwaambia kwamba hawakupungukiwa na kitu.

Yule mchoma makaa alimleta mkewe kwa fundi baada ya miezi miwili. Fundi alizungusha karatasi yake mara mbili, akatia alama kwa kalamu, akaomba franka kidogo na gunia moja la makaa. Sasa mama huyo ana mimba, na pete imesogezwa mara moja.

Mzee bado anabisha. Jumapili iliyopita alitungoja mlangoni mwa kanisa, akarudia maneno yake yote mbele ya watu. Watu walipokwisha kutawanyika akatuvuta kando. "Mwalimu," akasema, "ile karatasi ya fundi, aiweka kwenye kifundo au chini yake?" Akatoa mfukoni kopo dogo la dawa, na ndani yake pete nyembamba ya fedha, ambayo mama wa nyumbani kwake hajaivaa kwa miaka 11, tangu vidole vilipoanza kumwuma.

Tulimwambia fundi hafungui Jumapili, aje naye kesho jioni.