Kitoweo cha Mgeni



Neno la mwezi huu latoka Mithali 15:17, mahali yule mwenye hekima apimapo mboga penye upendo na ng'ombe aliyenona penye chuki. Lisomeni nyumbani, jioni, chakula kikiwa mbele yenu.

Imekuwa desturi kwetu kuzionea haya mboga. Mgeni akipiga hodi, na chunguni mna kisamvu, mama hukifunika upesi na kumtuma mtoto kutafuta nyama kwa mkopo. Nasi husema, "Leo hatuna kitoweo, tuna majani tu," kana kwamba majani hayakutoka mkononi mwa Mungu.

Sisi wachungaji tumeikuza aibu hiyo, twaungama. Mwaka mmoja, wakati wa masika, tulizuru nyumba ya mjane. Alikuwa na kuku mmoja aliyekuwa akitaga; akamchinja kwa ajili yetu. Tukala, tukamshukuru Mungu, tukaenda zetu. Baadaye tukasikia ya kuwa mayai ya kuku yule ndiyo yaliyokuwa yakinunua chumvi ya nyumba na madaftari ya mtoto. Tena siku ile ile kunde za nazi zilikuwa tayari jikoni, naye alizificha. Tulipomwuliza sababu, akajibu, "Baba Mchungaji, ningewapa kunde, watu wangesemaje?" Neno lile latuchoma hata leo, kwa maana watu aliowaogopa ndio sisi.

Basi tukumbuke tulikotoka. Wazee wa Uzaramo hawakuwa wafugaji wa ng'ombe, kwani mbung'o waliwazuia. Waliishi kwa mtama, mpunga na mihogo, pamoja na kunde na mbaazi. Walijua kuuloweka muhogo mchungu na kuuanika hata sumu itoke. Walijua kukitwanga kisamvu na kukichemsha sana, kwa sababu iyo hiyo. Haya si maarifa ya wajinga. Na waganga wa hospitali wa siku hizi wafundisha kwamba muhogo peke yake haumjengi mtoto mwili, bali kunde, mbaazi na choroko humjenga, na majani mabichi humwongezea afya. Mama apakuaye ugali wa makopa na kunde amemlisha mwanawe vema kuliko yule ampaye ugali na mchuzi wa nyama usio na mnofu, apate tu kusifiwa na jirani.

Lakini mtu asije akafanya sheria. Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme wasijitie unajisi, wala si kwa kuwa nyama ni dhambi. Mtume Paulo katika Warumi 14 amkataza alaye mboga kumhukumu alaye nyama, na huyu kumdharau yule. Tena mwezi wa Machi 1522 Martin Luther alihubiri siku nane mfululizo huko Wittenberg, akafundisha kwamba Mkristo yu huru kula nyama siku yo yote, ila uhuru huo usitumiwe kumkwaza aliye dhaifu. Mwenye mbuzi na amchinje kwa furaha.

Liko jambo jingine, nalo ni kubwa katika vijiji vyetu, ambamo Wakristo tu wachache kati ya jirani zetu Waislamu. Penye nyama huulizwa nani aliyechinja, na kwa namna gani. Penye bakuli la mbaazi hapaulizwi neno. Wote hunawa na kuketi. Tumeliona hilo misibani mara nyingi, nasi tukatamani lionekane na katika siku za furaha.

Tutafika tena Mzenga, Mungu akipenda, mvua zikipungua na njia ikipitika. Yule mama mjane tumekwisha kumpelekea habari atupikie kunde za nazi. Alicheka sana, twaambiwa, kisha akamwuliza mjumbe mara mbili kama kweli tulisema hivyo.