Deni Lisilo na Mwenyewe

Swali hili niliulizwa kibarazani kwangu, hapa Tabora, na mmoja wa wanafunzi wangu wa mwisho. Yeye na wenzake wanafuga nyuki. Walianza kwa mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba.

“Shikamoo, Mwalimu. Wenzangu wawili wameacha kulipa. Na wakubwa kila mwaka wanatajwa katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Mimi nikiacha, nitakuwa nimemdhulumu nani?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikumbuka misafara ya zamani iliyopita hapa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walizoea kupewa sehemu ya ujira mapema, kwa vitambaa. Wapo waliotoroka navyo usiku. Tajiri alipata hasara, ni kweli. Lakini kulipokucha mzigo ulioachwa chini hakuubeba yeye. Waligawana wale waliobaki.

Mwaka 2006 serikali ilipotenga shilingi bilioni 1 kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, watu waliziita “mabilioni ya Kikwete”. Jina hilo lilituponza. Nani hurudisha zawadi ya Rais? Kumbe ilikuwa mikopo, tena kupitia benki.

Kisha Aprili 2023 mikopo ya halmashauri ikasimamishwa nchi nzima, hadi mwaka 2024. Aliyeumia si yule aliyekwisha kula. Mtaani kwetu alikuwapo mama mmoja, fundi wa kushona, ambaye kikundi chake kilikuwa kimekwisha jaza fomu. Cherehani alizozitazamia hakuziona mwaka ule. (Wizi wa wakubwa nao ni wizi, na mahali pake ni mahakamani, sioni unavyomlipia mama huyu cherehani.)

Nilimweleza kijana hayo yote, kwa sauti yangu ya darasani. Alisikiliza kwa adabu. Lakini Tabora ni mji mdogo, na habari hukaa. Mwaka 2007 nilimdhamini shemeji yangu katika mkopo wa namna hiyo. Hakulipa, wala sikumhimiza. Nilijiambia serikali haifi njaa.

Kijana aliinuka, akavaa kofia yake.

“Na shemeji yako, Mwalimu, alikwisha maliza lile deni?”