Je, Subira ya Mama Yatosha?

Baada ya darasa moja tuliyoifanya juu ya fadhila za subira, mama mmoja wa mtaa wetu alituuliza neno lililotunyamazisha sote. Tulikuwa tumesema mengi kuhusu ujira wa wenye kusubiri, nasi tukidhani tumemliwaza. Akasema: "Maalim, subira ninayo. Ninayemkosa ni mtu wa kunishikia mwanangu nikiwa kwenye foleni ya hospitali." Tukamwombea dua, akaenda zake. Tulipokuwa twarudi majumbani ndipo tulipotambua kwamba hatukumjibu.

Mwanawe ana miaka saba, naye ana usonji. Maneno yake ni machache, kelele humtesa, na jambo likibadilika ghafula hulia kama aliyechomwa. Juu ya hayo ana maradhi adimu ambayo madaktari huyaita tiuberasi sklerosisi. Maradhi haya yalielezwa na tabibu Bourneville wa Ufaransa mwaka 1880, na yakadiriwa kwamba humpata mtoto mmoja katika kila 6,000 wanaozaliwa. Huotesha vivimbe katika ubongo, figo, moyo na ngozi. Huleta kifafa kwa wengi wao, na karibu nusu yao huwa na usonji pia. Asili yake ni hitilafu katika moja ya jeni mbili, zilizogunduliwa mwaka 1993 na 1997. Na hili twataka lisomwe kwa makini: katika kila watoto watatu wenye maradhi haya, yapata wawili hitilafu imeanza kwao wenyewe, baba hana wala mama hana.

Twalitaja hilo kwa sababu mama huyu ameulizwa mara nyingi alikula nini, alipita wapi magharibi, alimkosea nani. Alama zilikuwapo tangu mwanzo, nazo ni mabaka meupe ngozini mfano wa jani. Mtoto alipoanza kushtuka na kujikunja akiwa na miezi mitano, walimwengu wakasema ni dege, yule ndege wa usiku wa hadithi za wazee wetu. Ikafuata miaka miwili ya makombe, mafusho na ngoma. Hatuwacheki wazee, kwani walitumia elimu waliyokuwa nayo. Lakini mitukutiko ya namna hii kwa mtoto mchanga huuharibu ubongo unaokua, na ipo dawa yake, vigabatrini, ambayo hufaa zaidi ikitolewa mapema. Miaka ile miwili hairudi.

Wala tusidhani kwamba kumlaumu mama ni ujinga wa pwani peke yake. Leo Kanner alipoueleza usonji huko Marekani mwaka 1943, haukupita muda mrefu wakatokea mabingwa waliosema kwamba chanzo chake ni mama asiye na mapenzi. Kauli hiyo ilitawala kwa miaka mingi, nayo ilivunja nyumba za watu. Miongoni mwa walioivunja ni Bernard Rimland, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1964. Naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. London, mwaka 1962, chama cha kuwasaidia watoto hawa kiliundwa na wazazi. Hapa kwetu Kenya pia, chama cha usonji kilichoanzishwa mwaka 2003 kilitokana na wazazi. Kila mahali mlango umefunguliwa na yule yule aliyechoka kuliko wote. Basi twauliza: je, ni haki iwe hivyo?

Wako watakaotujibu kwamba hii ni kadari, na mja hana budi kuridhika. Kweli. Lakini kuridhika huko ni kwa nani? Mama aridhike na mtoto aliyepewa, na huyu mama ameridhika. Hatukusikia kwake neno la kumkataa mwanawe. Ama jirani, kadari ya mwenziwe haimpi ruhusa ya kukaa barazani. Nyumba ya jirani ikishika moto nayo ni kadari, wala hatukai tukamhubiria subira huku ndoo zetu zimejaa maji.

Wengine husema kwamba kumficha mtoto ni sitara. Neno hili tumelitumia vibaya mno. Sitara husitiri aibu, na mtoto huyu hana aibu ya kusitiriwa. Hakutenda kosa lolote. Tumfungiapo chumbani hatumsitiri yeye. Twajisitiri sisi na macho ya watu. Wanafikihi wetu wamesema kwamba asiye na akili timamu ameondolewa taklifu (ingawa tusiwe wepesi wa kuhukumu: wako watoto wengi wenye usonji ambao akili zao ni kali, ila ulimi hautoi). Sawa, ameondolewa wajibu. Je, ameondolewa na haki zake? Aliyeondolewa mzigo hakuondolewa sahani. Na kwa kuwa hawezi kuidai haki yake mwenyewe, ni lazima awepo wa kumdaia.

Al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala Damascus kuanzia mwaka 705 hadi 715, husimuliwa na wanahistoria kwamba alimwekea kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Tuutazame msaada huo ulivyokuwa. Kipofu hakupewa maneno ya kumtuliza, alipewa mkono wa kumshika.

Leo msaada upo kwa kiasi fulani, lakini umetawanyika kama samaki waliomwagika tenguni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yawapa wenye ulemavu haki ya elimu na ya kutendewa kwa heshima. Viko vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule ziwafaazo, viitwavyo EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Liko Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo humsajili mtoto baada ya kupimwa hospitali. Uko mpango wa Inua Jamii, ambao nyumba maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, zikiandikishwa. Ila kila ofisi iko mtaa wake, yataka karatasi yake, na kila karatasi yataka siku nzima. Mtoto huyu ahitaji daktari wa mishipa ya fahamu, wa figo, na mwalimu wa kumzoeza kusema. Mama ahesabu nauli, naye amemshika mkono mtoto asiyevumilia matatu yenye muziki. Hapo ndipo wengi huacha. Subira hawakuikosa, waliishiwa na siku.

Na sisi? Twaandika haya kwa haya usoni. Mwaka uliopita mtoto huyu aliletwa katika chuo chetu wenyewe. Siku ya pili alipiga kelele wakati wa kuhitimu, nasi tukamwambia mamake, kwa upole, amweke nyumbani hadi atakapotulia. Hatukumuuliza mtu yeyote njia ya kumfunza. Tungeuliza, tungeambiwa kwamba angefaa kuketi karibu na mlango, apewe picha zinazomwonyesha litakalofuata, asome dakika kumi kisha atoke. Haya si magumu. Hayahitaji hata senti.

Jumamosi iliyopita tuliketi tukaliweka jambo hili mbele. Maalim wawili wamekubali kumrudisha chuoni, mmoja kwa moyo na mmoja kwa kusukumwa. Karatasi za usajili amezichukua kijana wetu anayezijua ofisi za mji. Mama ana miadi ya kupimwa figo za mtoto Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi. Mwanamke mmoja amejitolea kwenda naye. Wa pili, wa kukaa na mdogo wake aliye nyumbani, bado twamtafuta.