Dawa waliyomeza mama zao

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Massachusetts General Hospital mjini Boston, Marekani, ilipokea wasichana waliokuwa wakitokwa damu bila mpangilio. Mwanzoni ilidhaniwa ni hedhi tu iliyovurugika, kama inavyotokea kwa mabinti wengi. Walipopimwa vizuri, wakakutwa na saratani ya uke. Ugonjwa huo ni nadra hata kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Baadhi ya wasichana hawa hawakuwa wametimiza miaka 20.

Madaktari walikuna vichwa. Aliyewafumbua macho ni mama wa mgonjwa mmoja. Alimuuliza Dkt. Howard Ulfelder kama chanzo hakiwezi kuwa vidonge alivyopewa alipokuwa na mimba ya binti yake. Daktari angeweza kulipuuza swali lile, lakini hakulipuuza. Yeye na wenzake, Arthur Herbst na David Poskanzer, waliwalinganisha wagonjwa 8 na wasichana 32 wasio na ugonjwa huo. Mama wa wagonjwa 7 kati ya wale 8 walikuwa wamemeza vidonge hivyo, vya dawa iitwayo DES. Katika mama wa wale 32, hakuna hata mmoja. Matokeo yalichapishwa Aprili 1971.

DES ni homoni ya kutengenezwa, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1938. Wajawazito walipewa ili mimba zisiharibike. Ilipita kwenye kondo hadi kwa mtoto na kuvuruga uke uliokuwa ukijengeka, kisha madhara yakajificha mpaka binti avunje ungo.

Kwamba ingeleta saratani hii kwa mabinti, pengine madaktari hawakuwa na namna ya kujua. Lakini mwaka 1953 utafiti wa Chicago wenye wajawazito zaidi ya 1,600 ulionyesha kuwa dawa hiyo haizuii mimba kuharibika. Ikaendelea kuandikwa kwa miaka 18, huku matangazo yakiahidi watoto wakubwa wenye nguvu! Hilo halina udhuru. Mnamo Novemba 1971 Marekani iliwaonya madaktari wasiwape wajawazito dawa hiyo, na kwa makadirio, binti 1 kati ya 1,000 waliozaliwa na mama waliomeza DES hupata saratani hii.

Dada, damu ikitoka nje ya siku zako, au baada ya hedhi kukoma, nenda ukapimwe. Na ukiandikiwa dawa ukiwa mjamzito, uliza inatibu nini na imethibitishwa vipi, hata kama foleni ni ndefu na daktari ana haraka.