Sala na Majini: Ni Mchezo Gani wa Video Unaostahili Kuitwa Klasiki?

Mwaka 2005 kampuni ya Firaxis ya Marekani ilitoa mchezo wa Civilization IV. Mchezaji alipoufungua, kabla hajachagua taifa wala kujenga mji wake wa kwanza, alipokewa na sauti za kwaya zikiimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Wimbo huo, "Baba Yetu", ulitungwa na Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Katikati ya matukio hayo mawili, mwezi Machi 2009, kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Humo nako Kiswahili kinasikika, ila si katika sala. Kinatoka vinywani mwa wanakijiji wa Kijuju, mahali pa kubuniwa barani Afrika, walioingiwa na vimelea vilivyowanyang'anya utu wao. Jina walilopewa ni Majini, na kazi ya mchezaji ni kuwaua.

Kwa msikilizaji asiyekijua Kiswahili, sala ile na makelele haya ni aina mbili za mvumo: mmoja wa kutukuza, mwingine wa kutisha. Kwa anayekijua, yote mawili ni maneno, na maneno yana wenyewe. Ndiyo maana mjadala kuhusu michezo inayostahili kuitwa klasiki, ambao kwa wengi ni burudani ya mashabiki, unamgusa msemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Anapoulizwa kama Resident Evil 5 ni klasiki, anaulizwa pia kama yuko radhi picha ile ya lugha yake ihifadhiwe kwa heshima na kurithishwa.

Neno "klasiki" lenyewe lina utata. Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kusema kazi ya kale, kazi bora, au kazi ya kudumu, na kila istilahi hushika upande mmoja tu wa jambo. Ukale hautoshi, kwa kuwa si kila kilichozeeka kina thamani. Ubora hautoshi, kwa kuwa kazi nyingi nzuri zimesahauliwa. Historia ya ushairi wa pwani inafundisha zaidi kuliko istilahi hizo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zake zilibaki katika kumbukumbu za watu hadi miongo ya mwisho ya karne hiyo, Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuzifafanua kwa ajili ya W. E. Taylor. Ilipofika 1940 ndipo William Hichens alipozichapisha kama kitabu. Muyaka akawa klasiki kwa sababu mbili. Kwanza, walikuwapo watu waliozihitaji tungo zake hata baada ya ugomvi wa kisiasa uliozizaa kupoa. Pili, waliozihitaji waliweza kuzihifadhi bila kumwomba mtu ruhusa.

Sababu hiyo ya pili ndiyo inayoyumba katika michezo ya video. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Mchezo mpya nao hauna salama. The Crew, uliotolewa na Ubisoft mwaka 2014, ulitegemea seva za kampuni hata pale mtu alipocheza peke yake. Seva hizo zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, waliokuwa wameulipia walibaki na kitu kisichofunguka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba na hifadhi za nyaraka ziwafungulie watafiti, wakiwa mbali, michezo ambayo haiuzwi tena. Katika hali hiyo, kuuita mchezo klasiki si kuupamba kwa sifa tu. Ni kusema kwamba huu uokolewe kwanza. Na kwa kuwa si yote itakayookolewa, hukumu hiyo ina uzito.

Mizani zinazotumika sasa zinajulikana. Jumba la sanaa la MoMA mjini New York lilianza mkusanyo wake mwaka 2012 kwa michezo 14. Jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, lilianzisha mwaka 2015 orodha ya heshima ya michezo ya video ya dunia, likaifungua kwa sita, ikiwemo Pac-Man na Tetris. Vigezo vya orodha hiyo ni kujulikana sana, kudumu muda mrefu, kuenea katika nchi nyingi, na kuathiri michezo mingine au utamaduni kwa jumla. Ni vigezo vya haki kwa kadiri vinavyokwenda, lakini vinapima ukubwa wa alama iliyoachwa, si alama yenyewe. Resident Evil 5, ulio miongoni mwa michezo ya Capcom iliyouzwa sana, unaweza kusimama mbele ya vigezo hivyo bila kutetereka. Hakuna hata kimoja kinachouliza mchezo umemfanya nini mtu unayemwonyesha.

Mhakiki wa fasihi atakumbuka hapa fani na maudhui. Katika riwaya, fani hukaa katika lugha, muundo na usimulizi. Katika mchezo wa video, picha na muziki vina nafasi yao, lakini kiini cha fani ni kanuni: nini kinaruhusiwa, nini kinaadhibiwa, nini kinalipwa. Msomaji wa riwaya humtazama mhusika akitenda. Mchezaji hutenda kwa mkono wake. Kwa hiyo maudhui ya mchezo hayakai katika yale unayoyasema tu, bali hasa katika yale unayomzoeza mchezaji kuyafanya. Kutokana na hilo kigezo kinajitokeza: mchezo unastahili kuitwa klasiki pale ambapo kanuni zake zenyewe zina jambo la kusema kuhusu binadamu, jambo ambalo lisingeweza kusemwa kwa njia nyingine na likabaki lilelile.

Mfano ulio wazi ni Papers, Please, kazi ya Lucas Pope ya mwaka 2013. Mchezaji ni mkaguzi wa pasipoti mpakani mwa nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Hakuna mapigano ya kujivunia. Kuna dirisha, karatasi, tarehe, picha, mihuri miwili, na foleni isiyokwisha. Kila anayeshughulikiwa sawasawa huleta malipo madogo, na jioni malipo hayo hugawanywa kati ya kodi ya nyumba, chakula na joto la familia. Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi kamili. Anaomba mkewe, anayemfuata kwenye foleni, ahurumiwe. Mke anafika bila kibali cha kuingia, na anasema kurudi alikotoka ni kifo. Makosa mawili ya kwanza ya kila siku huleta onyo tu. Kuanzia la tatu, malipo hukatwa. Basi mkaguzi anagundua kwamba huruma ina bajeti: inamgharimu kidogo mara mbili kwa siku, na baada ya hapo wanaoilipia ni watu wa familia yake mwenyewe.

Riwaya inaweza kueleza kwamba mfumo mkali huwafanya watu wa kawaida kuwa wakatili. Mchezo huu unamfanya mchezaji aone jinsi yeye mwenyewe, akiharakia kumaliza foleni, alivyoacha kuzitazama nyuso akabaki kutazama tarehe tu. Msomaji wa Kiswahili aishiye Uingereza, Marekani au nchi za Ghuba hahitaji kuelezwa dirisha hilo ni nini. Amesimama upande wa pili wa kioo, akishika bahasha ya vyeti, akijaribu kuisoma sura ya mtu aliyeshika muhuri. Mchezo unamvusha kioo na kumkalisha kwenye kile kiti. Haumwambii amsamehe mkaguzi. Unamwonyesha kazi ile ilivyo.

Mchezo huo una upungufu wake. Anayeupewa uhai wa ndani ni karani. Msafiri hubaki mtu wa dakika moja, na hadithi yake hukatika anapopita au anaporudishwa. Lakini upungufu huo uko ndani ya uwanja wa swali ambalo mchezo wenyewe unauliza, na mchezaji anaweza kuukosoa kwa kutumia yale aliyoyaona humo. Pia hauhitaji seva ya mtu yeyote ili uchezwe. Kwa mizani zote mbili, ya kuhitajika na ya kuhifadhika, una haki ya kupigania nafasi.

Resident Evil 5 ukiwekwa kwenye mizani hizohizo, hukumu inakuwa ngumu zaidi kuliko wanavyodhani watetezi wake na washtaki wake. Picha zake zilipoonyeshwa mwaka 2007, mzungu mwenye silaha akiwafyatulia risasi Waafrika katika mitaa ya vumbi, ulizuka ubishi mkubwa. Watetezi walisema huo ndio utanzu wa kutisha: Resident Evil 4 wa mwaka 2005 uliwafanya vivyo hivyo wanakijiji wazungumzao Kihispania. Tena mchezo una mhusika mkuu wa pili, Sheva Alomar, ambaye ni Mwafrika, na humo mchezaji huokota shajara ya kijana wa kijijini anayesimulia jinsi watu wake walivyobadilika baada ya kudungwa kile walichoambiwa ni dawa.

Shajara hiyo ndiyo ushahidi mzito kuliko wote, kwa pande zote mbili. Inathibitisha kwamba watungaji walijua kuwa Majini walikuwa watu, na kwamba waliangamizwa na tamaa ya kampuni za kigeni. Hapo palikuwa na mbegu ya kazi kubwa. Lakini mchezaji akishaifunga shajara, kanuni zinabaki zilezile: shabaha, risasi, malipo. Hakuna jambo analoweza kulifanya kwa kuwa ameisoma. Kadhalika, Kiswahili kinachosikika hakimpi anayekielewa njia yoyote ambayo asiyekielewa hana. Lugha imewekwa ili isieleweke. Mtu akiielewa, amekuwa mtu ambaye mchezo haukumtarajia.

Pingamizi kubwa linabaki. Maadili si sanaa, na kazi nyingi zinazoheshimiwa zina madoa. Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara Amherst, Marekani, akiishutumu Heart of Darkness ya Joseph Conrad kwa kuifanya Kongo na watu wake kuwa pazia la nyuma la msukosuko wa nafsi ya Mzungu mmoja. Kitabu hakikuondolewa vyuoni. Kilichobadilika ni kwamba tangu hapo ni vigumu kukifundisha bila kumsikiliza Achebe. Mfano huo hauungi mkono kufuta. Unaonyesha kwamba kazi inaweza kuhifadhiwa pamoja na shutuma yake, na kwamba shutuma ni sehemu ya hifadhi. Resident Evil 5 uhifadhiwe basi, kwa kuwa ushahidi usitupwe. Lakini kuhifadhi na kuheshimu ni mambo mawili, na mchezo huu haujapata, katika kanuni zake, jibu kwa swali la yule aliyeielewa lugha.

Haki inadai Civilization nao upimwe, kwa maana ni rahisi kuridhika na sala tamu. "Baba Yetu" inapendeza, na wengi duniani wamejifunza maneno yake bila kujua Kiswahili. Hata hivyo iko mlangoni. Ndani ya mchezo ule hakuna ustaarabu wa Waswahili wa kuongoza. Katika toleo la sita la mfululizo huo, Kilwa Kisiwani imo kama ajabu la kujengwa na taifa lolote, na Zanzibar imo kama dola-mji ambayo humpa mlezi wake mdalasini na karafuu. Dola-mji katika mchezo huo haiwezi kushinda. Hubembelezwa kwa wajumbe au hutekwa. Hakuna tusi hapo, na heshima ipo, lakini kanuni inasema jambo: pwani ni zawadi katika historia ya wengine. Anayeujua mwambao atatambua kwamba fikra hiyo haikuanzia kwenye kompyuta.

Kwa hiyo klasiki si cheti cha usafi. Papers, Please hauko juu ya lawama, na Civilization IV hauko chini ya sifa. Tofauti ni kwamba kazi ya kudumu huweza kuulizwa na wale isiowatarajia, ikawa na la kuwajibu. Orodha zilizopo zimetungwa New York na Rochester na watu wanaofanya kazi yao kwa bidii, ila hawawezi kuuliza kwa niaba ya msikilizaji ambaye hawamsikii. Mwalimu Sikujua hakungoja jumba la makumbusho. Alikaa akaandika, akaeleza kila ubeti ulimlenga nani. Kazi ya namna hiyo inaweza kuanza sasa, na haihitaji fedha nyingi: kuyaandika maneno wanayoyapiga kelele wanakijiji wa Kijuju, kuyafasiri, na kueleza yalivyopatanishwa na yale anayoyafanya mchezaji. Siku mtoto wa Maskati au Birmingham atakaposikia lugha ya bibi yake ikitoka katika kinywa cha jini, awe na ukurasa wa Kiswahili wa kufungua.